Ile Kebo Uliyoiunga, Baba

Nyeri,
Jumapili, mwezi wa Agosti

Mpendwa Baba,

Leo baada ya ibada nimefungua karakana, ingawa ni Jumapili na najua hungependa. Sijafanya kazi yoyote. Nimekalia kile kiti chako cha plastiki chenye ufa mgongoni, mlango nimeuacha nusu wazi, ndipo nikachukua kalamu. Baridi ya mwaka huu imekataa kuondoka. Tangu Julai hatujauona mlima. Ni ukungu na manyunyu kutwa nzima. Mama anavaa sweta yako ya kijani kila siku, na viwiko vimetoboka. Nikimwambia nimfumie nyingine, ananitazama kama nimemtukana.

Barua hii haitakaa kwenye droo. Nitaibandika mlangoni, na nitawapa watu nakala waipitishe, isomwe na yeyote aliyewahi kukuita umtengenezee mashine. Sababu nitakueleza nikiifikia. Nakuomba tu usikasirike kabla hujafika mwisho.

Watu wengi walidhani wewe ni fundi wa umeme wa nyumba. Walikuja na pasi na redio zao, nawe ukawaelekeza kwa jirani bila kuinua kichwa. Kazi yako ilikuwa kebo za mashine, zile laini zinazotembea. Mashine ikienda mbele, kebo inaifuata. Ikirudi, nayo inarudi. Na ndani yake nyaya nyembamba kumi au kumi na mbili zinabeba amri kutoka kwenye kitufe hadi kwenye mota. Washa. Mbele. Nyuma. Simama. Mtu akikuuliza kebo hiyo ina tofauti gani na waya wa kawaida, hukumpa maneno mengi. Ulichukua kipande cha waya mgumu wa nyumba, ukamtia mkononi.

"Kunja, kunjua. Hesabu kwa sauti."

Kabla hajafika mbali waya ulikuwa umekatika. Kisha ulimpa kipande cha kebo laini, ukarudi kwenye chai yako. Nakumbuka yule mwenye kinu cha mahindi kutoka Karatina alivyohesabu mpaka jasho likamtoka, watu wakimcheka kutoka barabarani.

"Wewe fundi, hii kitu haikatiki?"

"Itakatika," ukamwambia. "Lakini wewe utatangulia."

Aliondoka na kebo yake, na kila alipotuona mjini alikunja na kukunjua mikono hewani, akicheka.

Nakumbuka pia ulivyotundika kila kebo mpya kwenye boriti za paa kabla ya kuikata. Ulisema imekaa miezi mingi imezungushwa, ina mazoea ya kujikunja, kwa hiyo iache ining'inie siku nzima inyooke yenyewe. Ukiifunga kwenye mashine kabla ya hapo itajipinda, na itakufa mapema. Wageni waligonga nyuso zao humo ndani kila wiki. Siku mchungaji alipokuja kutuombea, kebo ilimvua miwani hata kabla hajafungua Biblia, na wewe ukasema "Amina" kwa sauti kubwa. Mama hakukusemesha mpaka kesho yake.

Mimi nilikuja kwako nilipomaliza kidato cha nne, alama zangu zikiwa zile unazozijua. Hukuniuliza nitafanya nini na maisha. Ulinipa testa, kile kifaa cha kupimia kama umeme unapita, ukaniambia, "Mama, shika mwisho huo." Uliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Watu wa huku walielewa, lakini mteja wa kutoka mbali alishangaa kumsikia mzee mwenye mvi akimwita Mama msichana wa miaka kumi na minane. Tulisimama kila mmoja kwenye mwisho wake wa kebo, wewe ndani, mimi nje kwenye kokoto. Ulitaja namba iliyoandikwa kwenye waya, nami nikaugusa wenye namba hiyo upande wangu, tujue umefika mzima.

"Tatu!"

"Tatu iko!"

"Nne!"

"Nne iko, Baba."

"Umegusa, ama unataka tu kwenda kula?"

"Nimegusa!"

"Gusa tena."

Kila namba mara mbili, hata kwa kebo ya mita tano. Jirani wa duka la mbegu alikuwa akitujibu kwa kelele, "Saba iko! Nane iko!" mpaka hatujui ni nani amegusa nini, nawe ukaanza tena kutoka moja.

Na kulikuwa na lile neno lako moja ambalo hukulilegeza kwa mtu yeyote. Kebo inayotembea haiungwi. Ikikatika katikati, inatolewa yote na kuwekwa nyingine. Wateja walikubembeleza, walikasirika, mmoja alikuletea mbuzi. Ulimrudisha na mbuzi wake. Ulisema kiungo kwenye kebo iliyolala ukutani ni sawa, lakini kwenye kebo inayokwenda na kurudi kitajisugua mpaka kionyeshe shaba.

Tulipokuzika, wengi walidhani karakana imefungwa. Watu wa ukoo walisema chumba kile kingefaa saluni. Sikubishana nao. Jumatatu iliyofuata nilivaa koti lako la bluu, nikakunja mikono yake mara tatu, nikafungua mlango saa mbili. Mteja wa kwanza aliniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema atarudi, na hakurudi. Nilifungua tena Jumanne.

Mwezi wa sita Mzee Githaiga akapiga simu, yule mwenye kiwanda cha mbao kwenye njia ya Naro Moru. Unajua anavyopiga simu, kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Wairimu! Mashine imekataa kusimama!"

"Imekataa kuwaka?"

"Kusimama! Ati mtu anabonyeza, inaenda tu! Kuja, kuja sasa!"

Baba, nilikaa chini kwanza. Mashine ikikataa kuwaka, watu wanapoteza siku. Mashine ikikataa kusimama, mtu anapoteza mkono.

Nilipofika walikuwa wamezima kila kitu. Mathenge alikuwa ameketi juu ya kisiki cha msaipresi. Unamkumbuka, ndiye anayepanda toroli lile linalobeba magogo kuelekea kwenye msumeno, akiwa na kisanduku cha vitufe mkononi na kebo ikimfuata nyuma. Koti lake la kazi lilikuwa na upande mmoja tu. Wa pili ulikuwa umechukuliwa na msumeno, kuanzia mfukoni kwenda chini. Alikuwa amebonyeza kitufe cha kusimamisha, toroli likaendelea, akaruka. Mwenzake ndiye aliyekimbilia swichi kuu ukutani.

"Ulibonyeza sawasawa?" nikamuuliza.

"Nilibonyeza na kidole, nikabonyeza na ngumi, nikabonyeza na jina ya Yesu," akasema. "Hakuna yenye ilisikia."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha watu walioogopa. Mmoja aliyesimama karibu na magogo akataka kukirefusha.

"Sasa madam, umekuja peke yako? Fundi ako wapi?"

"Fundi tulimzika," nikamwambia. "Aliyebaki ni mimi. Njoo unishikie ngazi."

Alikuja akaishika.

Mzee Githaiga hakuhitaji fundi amwambie kilichotokea. Alikuwa ameshaona mwenyewe. Kebo ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha toroli kwa blada, ile mipira inayokatwa kutoka tyubu kuukuu za magurudumu. Huku kwetu blada inafunga kila kitu: mzigo wa boda, mlango wa zizi, bomba linalovuja. Mathenge alikuwa ameifunga kebo isibururike kwenye matope na unga wa mbao. Alidhani anaitunza. Lakini blada iliibana mahali pamoja, na kila toroli lilipokwenda na kurudi kebo ilivunjikia hapohapo badala ya kujikunja taratibu kwa urefu wake wote.

"Ona!" Mzee akaniambia. "Ona hiyo blada! Mathenge, nilikuambia ama sikukuambia? Ungekufa hapa niitwe polisi. Wewe leo umemaliza kazi. Chukua vitu vyako."

Mathenge alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakujitetea. Aliinuka akaenda kwenye kibanda chao cha chai.

Niliwaomba waniachie nafasi. Nilikata blada, nikaanza kupitisha mkono kwenye kebo polepole kama ulivyonifundisha, macho yakiwa pengine. Nusu hatua kutoka pale blada ilipokuwa, vidole vyangu vikapata uvimbe. Nikaufuta kwa kitambaa. Chini ya grisi na unga kulikuwa na tepu nyeusi, na mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa kwa ndani, umeacha sikio dogo la kushikia.

Sijawahi kuona fundi mwingine anayekunja tepu hivyo. Ulifanya hivyo ili atakayekuja baadaye asikwaruze kwa kucha.

Nililivuta lile sikio, nikafungua. Ndani, waya wa tatu na wa nne, zile mbili za kusimamisha, zilikuwa zimeungwa bega kwa bega. Ganda lilikuwa limeliwa kwa kusuguana, na shaba ya mmoja ilikuwa imelala juu ya shaba ya mwingine. Kitufe cha kusimamisha hukata umeme unaopita kwenye nyaya hizo; zikigusana hivyo umeme unapita tu, na amri ya kusimama haifiki popote. Ukibonyeza kitufe ni kama unabonyeza ukuta. Blada ilikuwa imesaidia kuharibu, hilo ni kweli. Lakini kebo isiyo na kiungo ingekatika tu, na mashine ingesimama yenyewe. Kilichoifanya ikatae kusimama ni kiungo.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia kwanza. Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Ningekata kile kipande, nikitie mfukoni mwa koti lako, na niseme ni blada. Mzee alikuwa ameshanipa jibu, alichongoja ni mimi kuitikia kwa kichwa. Jina lako lingebaki kama lilivyokuwa, na kazi ya kiwanda ingebaki kwetu. Nilikifumba kile kiungo kwa kiganja, nikakaa hivyo muda mrefu.

Mathenge akaja na kikombe cha chai. Alikiweka juu ya gogo, akachuchumaa karibu nami kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Umeiona," akasema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa hapa. Ilikuwa Jumamosi, Mzee alikuwa ameenda harusi. Kebo ilikatika, fundi akakuja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka hivi, mpaka nikamshikia tochi na nikamshikia waya. Aliniambia, Mathenge, hii ni ya siku tatu. Niko na ingine inanyooka kwa karakana. Siku tatu nitarudi."

"Mbona hujamwambia Mzee? Amekufuta kazi."

"Nimseme mtu amelala?" Alinitazama kama nimeuliza jambo la aibu. "Yeye hawezi kujibu. Mimi niko na mdomo, nitaulizia kazi kwingine."

Mtu huyo ana watoto watatu shuleni, Baba, na msumeno ulikuwa umechukua nusu ya koti lake asubuhi hiyo. Na bado alikuwa tayari kubeba kosa lako ili jina lako lisiguswe.

Nikainuka. Nilikata kipande chenye kiungo, nikaenda nacho mkononi mpaka pale Mzee Githaiga aliposimama akipigia watu simu.

"Mzee, blada imeharibu. Lakini si blada iliyotaka kumuua Mathenge. Ni hiki kiungo. Na kiungo ni cha Baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu."

Alikata simu bila kuaga. "Hapana. Huyo mzee hakuwa anaunga. Mimi mwenyewe nilimbembeleza miaka yote hiyo, akakataa kabisa."

"Hii aliiunga. Alikuwa mgonjwa, alitaka kurudi, hakuwahi. Mathenge alijua na amenyamaza kwa heshima yake. Usimfukuze."

"Kwa hivyo unaniambia fundi wangu ndiye karibu aniue mtu. Na unataka nikupatie kazi yake?"

"Ya kazi utaamua wewe. Mimi naongea ya Mathenge."

Alikichukua kile kipande, akakigeuza, akalitazama lile sikio la tepu. Alikuwa amelijua miaka mingi kuliko mimi. Akaenda akazunguka rundo lote la magogo, mikono nyuma, na sote tukangoja. Aliporudi hakunitazama.

"Weka kebo mpya. Halafu tutaona." Kisha akageukia kibandani, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Na wewe Mathenge! Uondoe blada kwa mashine yangu! Yote! Nisione hata moja!"

Hivyo ndivyo alivyomrudisha kazini. Mathenge alitoka mbio na kisu.

Nilirudi mjini kutafuta kebo ya nyaya kumi na mbili, na hapo ndipo nilipoinua macho. Ilikuwa juu ya boriti, imetiwa alama ya kipimo cha kiwanda cha mbao, imenyooka kama uzi wa timazi. Ilikuwa pale siku zote za matanga. Nilipita chini yake kila asubuhi nikidhani ni mzigo wa kawaida. Ndipo nikakumbuka wodini.

Ilikuwa siku ya pili au ya tatu. Midomo yako ilikuwa imekauka na nilikuwa nakupangusa kwa pamba yenye maji. Ukasema, "Mama, kebo ya Githaiga." Nikakujibu, "Pumzika, Baba, kazi haiendi popote." Baadaye ukasema tena. Mara ya tatu ulinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado unayo, nami nikakufunika blanketi na kukuambia ndiyo, nitaenda kuiona. Sikwenda. Nilidhani ni homa. Nilidhani unaota kazi, kama watu waliofanya kazi maisha yao yote wanavyoiota. Uliniambia mara tatu, na mara zote tatu nilikunyamazisha kwa upole.

Hilo linaniuma kuliko kiungo chenyewe. Kiungo nakielewa. Watu walikuwa wanangoja, mikono yako haikuweza kubeba kebo nzima peke yako, na hukutaka kuniita kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimempeleka Mama Karatina. Ulidhani una siku tatu. Sina hasira nawe hata kidogo. Mimi ndiye niliyesikia na sikusikiliza.

Kwa hiyo niliifunga ile kebo yako, mita kwa mita. Mathenge alishika mwisho wa pili na kuniitikia namba. Nilipomwambia aguse tena aliguna, lakini aligusa. Tulipomaliza hatukupandisha gogo. Tuliliendesha toroli tupu, naye akawa anatembea kando yake na kubonyeza kusimama. Likasimama. Tena. Likasimama. Tulifanya hivyo mpaka wenzake wakaacha kutazama na kurudi kwenye mbao zao. Kisha alikaa kidogo na mkono juu ya chuma kabla ya kupanda. Sikumharakisha. Alipopanda, mimi ndiye niliyefumba macho.

Mzee Githaiga hajaniambia kama kazi yake itabaki kwetu. Habari zimetembea, unajua watu wa huku. Mwenye kinu mmoja amechukua fundi mwingine, na mwanamke mmoja sokoni aliniuliza kama ni kweli kazi zako zote zilikuwa za kuunga. Nilimjibu hapana, nikamweleza ilivyokuwa, na nikanunua viazi vyake.

Sasa sababu ya barua hii kuwa wazi. Miezi yako ya mwisho ulikwenda mahali pengi bila mimi, na pengine sijui pote. Yeyote anayesoma hapa, na ambaye Baba alimtengenezea mashine akiwa ameanza kukonda na kutetemeka, nakuomba uizime mashine hiyo. Pitisha mkono kwenye kebo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta uvimbe wenye tepu, usiwashe. Njoo karakana uniite, au umtume mtu. Nitaitoa kebo yote na kuweka nyingine, na hutaambiwa uilipie. Kama una blada kwenye kebo inayotembea, ikate leo, hata kama aliyeifunga alikuwa na nia njema.

Mama aliposikia nitaandika haya alikasirika. "Unataka kumvua baba yako nguo mbele ya watu?" Nikamweleza kuhusu koti la Mathenge. Akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Asubuhi, akinimiminia chai, akasema, "Andika. Lakini andika na vile alivyokuwa." Ndiyo maana nilianza na mwenye kinu na miwani ya mchungaji.

Nimeshaenda mahali patatu. Kiwanda cha kahawa upande wa Othaya, kebo zako ni nzima, na meneja alinionyesha kwa fahari jinsi ulivyozipanga. Yule wa Karatina, kebo yake ni ileile aliyoondoka nayo siku aliyokunja na kukunjua mpaka jasho likamtoka, na hakuna uvimbe. Kwenye machimbo ya mawe nilikuta kiungo kimoja, chako, bado kimekaza vizuri, hakijasuguka. Nilikitoa hata hivyo. Msimamizi alinung'unika kwamba naharibu kitu kizuri. Nilimwambia aendelee kunung'unika, na aninyooshee ule upande mwingine.

Imebaki Timau, kwenye shamba la ngano, ile mashine inayopandisha nafaka ghalani. Ulinipeleka huko mara moja. Upepo ulikuwa mkali mpaka machozi yakatutoka, tukala nduma nyuma ya ghala tumegusanisha migongo. Ngano ilikuwa inakwenda na upepo mpaka macho yanapoishia, na ukasema labda bahari iko hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Msimu wako wa mwisho walikuita tena, ukaenda peke yako, ukarudi umelala kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Nimempigia meneja wa huko. Anasema mashine haina shida, nisijisumbue, tena wako karibu kuvuna na hawawezi kuizima. Nimemwambia ni kwa sababu hiyohiyo nakuja kabla hawajaanza. Akasema geti hufungwa. Nimemwambia nitangoja getini, na kwamba nikifika nitataka kuonyeshwa mtu anayesimama karibu na ile mashine, jina lake na mahali anapoweka mikono. Mwishowe akasema nije Ijumaa.

Ijumaa nitakwenda. Kebo iko tayari, nimeiviringisha mwenyewe, na ni nzito kweli, sasa najua ilivyokuwa kwako. Nitaibeba. Na nikitoka huko, kama mtu mwingine ataita baada ya kusoma barua hii, nitakwenda kwake pia, na kwa atakayefuata, mpaka niwe na hakika kwamba hakuna mtu katika miji hii anayebonyeza kitufe ulichokigusa na kisimsikie.

Wewe pumzika, Baba. Sasa nimekusikia.

Huko uliko, naomba unikumbuke.

Binti yako,
Wairimu